Ugonjwa wa ng'ombe na tumbo la binadamu

Hapa Munuki wako wanaomjua ng'ombe kuliko daktari. Mwaka 1895, huko Dresden, Ujerumani, Johne na Frothingham walikuta bakteria katika utumbo wa ng'ombe mgonjwa, wakadhani ni aina ya kifua kikuu. Mwaka 1913 Dalziel, daktari mpasuaji wa Glasgow, akaona matumbo ya wagonjwa wake yamevimba vivyo hivyo, ila bakteria hakuwapata. Ugonjwa huo leo huitwa Crohn.

Kipimo cha vinasaba, kinachomsaka bakteria hata asipoonekana kwa darubini, ndicho kilichofufua shauri hilo. Mwaka 1992 watafiti wa London walipima utumbo wa wagonjwa 40 wa Crohn. 26 walikuwa na vinasaba vya bakteria yule wa ng'ombe. Lakini kati ya watu 40 wasio na maradhi hayo, 5 nao walikuwa navyo! Basi kumkuta si kuthibitisha kwamba ndiye aliyeleta ugonjwa, na mjadala haujaisha.

Kwetu sisi hatari iko karibu zaidi. Kifua kikuu chenyewe huingia utumboni kikafanana mno na Crohn, na dawa za Crohn kama steroidi huweza kukichochea. Anayeharisha na kukonda muda mrefu apimwe kifua kikuu kwanza. Na kipimo cha vinasaba kikisema hakuna, daktari asiishie hapo.