Mabuda wa Gita na Chupa ya Fanta: Fununu na Ukweli Kuhusu Bendi ya Western Iliyopiga Shoo Uingereza

Kama ushago yenu ni Butere, unajua venye huenda. Disemba ikikaribia, msee mmoja anaskia kitu stendi, anaambia mtu wa boda, mtu wa boda anaambia soko yote. Jioni ikifika kila mtu anajua "ile bendi ya mabuda inakam". Bendi gani? Inapiga wapi? Kiingilio ni ngapi? Hakuna mwenye anajua, lakini shangwe iko juu tayari.

Sasa jaribu kitu. Uliza hao mashabiki wakutajie bendi ya mabuda kutoka huku kwetu ambayo iliwahi kutoka nje ya nchi ikapiga ziara. Wengi watakutajia bendi ya Kongo. Wachache sana watakumbuka wasee watatu wa Bunyore, wenye gita mbili na chupa moja ya Fanta, waliofika Uingereza mwaka wa 1991. Na wachache zaidi watamtaja jamaa wa Kisa, hapo tu karibu na Butere, aliyewafungulia njia.

Tumekuwekea stori yote hapa, ndio next time mtu akianza fununu uko na ya kumjibu.

Hawa wasee ni kina nani?

Jina lao ni Abana ba Nasery, yaani watoto wa nasari. Kina Shem Tube, Justo Osala na Enos Okola. Tube na Osala walishika gita, Okola akashika chupa, na wote watatu wakaimba. Ni Waluhya wa Bunyore, upande ambao leo uko kaunti ya Vihiga. Walianza kutesa miaka ya 1960 na wakaendelea kutoa ngoma miaka ya 1970.

Kama hujui Bunyore na Butere ziko karibu aje, fikiria reli. Ile laini ya kutoka Kisumu inapita Maseno, inapita Luanda, inapita Yala, halafu inaishia Butere. Hiyo reli ilijengwa wakati wa mkoloni, na wanaume wengi wa huku walipanda treni kwenda kusaka kazi Nairobi, Nakuru na hadi Kampala. Ukirudi na kazi imeleta doo, kitu kimoja cha kuonyesha kijiji kuwa umeomoka kilikuwa gita.

Kabla yao kulikuwa na George Mukabi

Hii sehemu watu wa Butere wanafaa kuijua kwa kichwa. George Mukabi alitoka Kisa, eneo ambalo sahii liko Khwisero, na ambalo zamani lilikuwa ndani ya Butere. Yeye ndiye mwenye jina kubwa zaidi kwa mtindo wa gita unaoitwa omutibo. Ngoma yake *Sengula Nakupenda* ilipigwa Kenya nzima, na aliimba Kiswahili, kwa hivyo hata mtu wa Mombasa alishika maneno.

Mukabi hakuzeeka. Aliuawa mwaka wa 1963, mwaka ule ule Kenya ilipata uhuru. Alikuwa bado kijana. Yaani huyu msee hakuwahi kuona Kenya ya jamhuri, lakini kila gita ya Western iliyokuja baadaye iko na alama ya kidole chake.

Omutibo inapigwaje?

Skiza vizuri ndio uskie ujanja. Kidole gumba kinapiga nyuzi nene za chini, kinashikilia mdundo. Kidole cha shahada kinacheza melodi juu. Vidole viwili tu, lakini ukifunga macho utadhani ni watu wawili wanapiga. Mdundo wenyewe unakumbusha isukuti, zile ngoma za Waluhya zenye hufanya hata mzee wa fimbo ainuke kwa kiti.

Halafu inakuja chupa. Chupa ya Fanta ya glasi ya zamani ilikuwa na mistari ya mviringo, kama ngazi. Ukiikwaruza na kitu cha chuma, inatoa sauti ya kuchakacha. Ukiigonga, inalia kama kengele ndogo. Hiyo ndiyo ilikuwa drum, shekere na kila kitu. Hakuna spika, hakuna stima, na watu wanacheza hadi asubuhi.

Ziara yenyewe

Mwaka wa 1989, lebo ya GlobeStyle ya London ilitoa albamu ya rekodi za zamani za Abana ba Nasery. Hizo zilikuwa ngoma zilizotoka Kenya miaka mingi nyuma kwa santuri ndogo. Ghafla kuna mzungu ameketi kwake London anaskiza chupa ya Fanta kutoka Bunyore, na anataka kujua hawa wasee bado wako.

Walikuwa wako. Mwaka wa 1991 wakafika Uingereza, wakapiga shoo, na wakaingia studio. Matokeo yake ni albamu ya 1992, *Nursery Boys Go Ahead!* Ndani yake kuna wageni, na hapa ndio mashabiki wa roki wanafaa kuamka. Baadhi yao walitoka Oysterband, bendi ya Uingereza ya kuchanganya folki na roki iliyoanza miaka ya 1970. Wengine walitoka 3 Mustaphas 3. Fikiria hiyo picha: maroka wa Ulaya wamezunguka mtu mwenye chupa ya soda, na wao ndio wanajaribu kufuata mdundo wake.

Fununu na ukweli

*Fununu: "Omutibo ni muziki wa Kongo tu, sisi tuliiga."*

Kuna ukweli nusu. Mwisho wa miaka ya 1950, magwiji wawili wa gita kutoka Katanga walikuwa wakubwa sana Kenya. Mwenda Jean Bosco alikaa Nairobi na sauti yake ikatumika kwa matangazo ya dawa ya Aspro. Edouard Masengo naye alizunguka akitangaza Coca-Cola. Vijana wa Western waliwaskiza sana. Lakini mdundo waliouweka chini ni wa nyumbani. Weka Bosco na Mukabi moja baada ya nyingine, utaskia tofauti kabla dakika moja iishe.

*Fununu: "Chupa ilitumika ju hawakuwa na uwezo wa kupata vyombo vya maana."*

Zii. Hawa watatu walikuwa na upande wa stima pia. Walirekodi na gita za umeme wakijiita Mwilonje Jazz na Super Bunyore Band. Walijua kupiga vyote viwili. Na walipofika studio ya Uingereza, chupa ilikuwa bado mkononi.

*Fununu: "Kabla ya 1991 hakuna mtu wa Ulaya alikuwa anajua muziki wa Waluhya."*

Hapana. Mwaka wa 1968, The Tremeloes, bendi ya vijana iliyokuwa inawika Uingereza, walirekodi upya *Helule Helule* ya Daudi Kabaka. Ikaingia kwa 20 bora ya chati za huko. Kabaka ndiye yule mfalme wa twist aliyekufa mwaka wa 2001. Kwa hivyo ngoma ya Mluhya ilitangulia kuingia Uingereza, miaka 23 kabla ya kina Tube kushuka na gita zao.

*Fununu: "Muziki wa Mukabi ulipotea."*

Haukupotea. Mwaka wa 2017 lebo ya Olvido ya Marekani ilitoa albamu ya ngoma zake, *Furaha Wenye Gita*. Na mtoto wake, Johnstone Mukabi, naye ni mpiga gita wa omutibo.

Mambo ya doo

Hapa ndio stori inaanza kuuma kidogo. Sheria ya hakimiliki ya Kenya, ile ya 2001, inasema hivi: wimbo unalindwa maisha yote ya mtunzi, halafu miaka 50 baada ya mwaka aliokufa kuisha. Rekodi yenyewe inalindwa miaka 50 baada ya mwaka iliporekodiwa.

Piga hesabu. Mukabi alikufa 1963. Ongeza 50. Ulinzi wa nyimbo alizotunga uliisha Kenya mwisho wa 2013. Yaani dunia ilipoanza kumtafuta tena kwa nguvu, sheria ya kwao ilikuwa imeshafunga daftari. Mtu yeyote hapa Kenya anaweza kuimba hizo nyimbo bila kuomba ruhusa, na familia haiwezi kudai senti kwa nguvu ya sheria.

Kwa Abana ba Nasery hesabu ni tofauti. Rekodi zao za miaka ya 1960 zimepitisha miaka 50. Lakini nyimbo zenyewe, yaani maneno na melodi, zinafuata maisha ya waliozitunga, kwa hivyo usidhani ni za bure.

Kama wewe ni msanii unapika beat zako Kawangware, hii ni habari ya kukushtua. Nyimbo za mtu wa kwenu ziko wazi. Ukiongeza mistari yako na mdundo wako, hicho kipya ni chako, na unaweza kukisajili KECOBO. Angalia vitu viwili tu. Kwanza, ukitoa ngoma nje ya nchi, sheria ya huko inaweza kuwa nyingine. Pili, taja jina la mzee. Sheria ya pesa imeisha, lakini watu wa Kisa bado wako na masikio.

Ukiona posta ya "bendi ya mabuda"

Turudi stendi. Fununu imefika, posta imebandikwa, jina la bendi ya zamani limeandikwa kubwa. Kabla utoe doo, fanya hivi:

1. Tafuta majina ya watu. Jina la bendi linaweza kubebwa na yeyote. Posta ya maana itakuambia nani anaimba na nani anashika gita.
2. Kama wanasema ni "ile ya original", uliza ni mwanachama gani wa zamani ataonekana kwa steji. Jibu likiwa refu sana, hepa.
3. Uliza mwenye ukumbi, sio mwenye posta. Mwenye ukumbi anajua kama tarehe imelipiwa.
4. Ukilipa na M-Pesa, soma jina linalotokea kabla ubonyeze. Kama tiketi inaenda kwa namba ya msee binafsi, uliza maswali.
5. Kama hakuna kiingilio na ni mzee wa kijiji anapiga gita kwa harusi, enda mbio. Hiyo ndiyo shoo yenyewe.

Uanzie wapi kuskiza?

Anza na *Sengula Nakupenda* ya Mukabi. Kisha enda kwa *Atisa Wangu* ya Abana ba Nasery, uskie gita mbili zikiongea na chupa ikichekea katikati. Maliza na albamu ya 1992, uone wageni wa Ulaya wakijaribu kuingia bila kuvuruga. Tumia spika ya maana. Ukitumia simu pekee utakosa kidole gumba, na kidole gumba ndio kila kitu.

Na sasa?

Butere tayari inajua kutikisa nchi kwa steji. Aprili 2025, wasichana wa Butere Girls walifika Nakuru na mchezo wao *Echoes of War*, na Kenya nzima ikawaongelea. Kwa hivyo hatuwezi kusema huku hakuna vipaji ama hakuna ujasiri.

Kitu tunaweza kupoteza ni wale wanaojua kushika gita ya omutibo kwa vidole viwili. Wengi ni mabuda sasa, na hawajaandika popote. Disemba ukishuka ushago, kabla ukimbie stendi kuuliza bendi inafika saa ngapi, uliza nyumbani kwanza: nani huku alikuwa anapiga gita? Unaweza kushangaa ni kuka wako mwenyewe, na gita iko juu ya kabati bila nyuzi mbili.

Nunua hizo nyuzi. Beba soda. Rekodi na simu, na uandike jina lake vizuri.