Imetoka Wapi?

Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, aliandika habari za uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto. Mwaka 1961 akafunga safari ya gari na wenzake wawili, hospitali hadi hospitali, kuuchorea ramani. Ulifuata nchi za joto na mvua, na mwambao wetu ulikuwemo.

Sasa sikiliza: kansa hiyohiyo, kwa mama mjamzito au anayenyonyesha, huweza kuvimbisha matiti yote mawili kwa kasi. Ukiangalia kwa macho tu, utakimbilia kisu. Kumbe tiba yake ni dawa za mshipani! Ndiyo maana kipande cha nyama husomwa kwanza kwa hadubini. Mama wa Kikambala akikutwa na kansa kwenye titi, basi tuulize pia: imetoka wapi?