Vichekesho vyetu vimepoteza mwamuzi

Kuilalamikia televisheni yetu sasa imekuwa kama kusalimiana. Ukipita Ngokolo au Kambarage hapa Shinyanga, ukienda sokoni Kahama au Katoro kwenye machimbo ya Geita, neno ni lile lile: vipindi havina ladha na vichekesho havichekeshi. Wengi huwalaumu wasanii kwamba hawana kipaji kama wale wa zamani. Mimi sikubaliani nao. Kipaji hakijapungua nchini. Kilichopungua ni kitu kingine, na ili kukiona hatuna budi kurudi nyuma kidogo, tena tuanzie hapa hapa Usukumani.

Kwa vizazi vingi, baada ya mavuno, Wasukuma wamekuwa na mashindano ya ngoma kati ya pande mbili, Bagika na Bagalu. Asili ya pande hizo huhusishwa na waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Pande zote mbili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja. Hakuna jopo la waamuzi wala karatasi ya kura. Mshindi ni yule aliyezungukwa na watu wengi zaidi. Umati ukianza kuhamia upande wa pili, aliyeachwa anajua pale pale, jasho likimtoka, kwamba ameshindwa.

Kwa sababu hiyo kila kiongozi wa ngoma alilazimika kuja na jambo jipya. Bayeye walicheza na nyoka. Wengine walikuja na sanamu za mbao, mavazi ya ajabu, vituko na nyimbo za kumkejeli mpinzani. Lakini mpinzani huyo naye alikuwa hapo hapo uwanjani, naye alikuwa na wimbo wake wa kujibu. Mzaha uliopooza uliadhibiwa siku hiyo hiyo.

Mwamuzi huyo, yaani mtazamaji aliyesimama mbele ya msanii, aliendelea kuwapo hata mambo yalipohamia mijini. Katika miaka ya 1980 na 1990 vikundi kama Muungano, Mandela na Tanzania One Theatre vilijaza kumbi na baa kwa onyesho lenye ngoma, sarakasi, maigizo, taarabu na kichekesho. Mtu akifurahi alinyanyuka na kumtuza msanii mbele ya wote. Asipofurahi aliagiza bia na kuendelea na mazungumzo yake. Kichekesho kimoja kilichezwa usiku baada ya usiku, na kila usiku wachezaji walijua wapi watu wamecheka na wapi wamenyamaza. Walipunguza hapa na kuongeza pale. King Majuto, aliyefariki dunia mwaka 2018, alitokea katika jukwaa la namna hiyo.

Tusidanganyane, hata hivyo, kwamba kila cha zamani kilikuwa dhahabu. Filamu za Kiswahili za mwanzoni mwa miaka ya 1950, kama Muhogo Mchungu iliyochezwa na kijana Rashidi Kawawa, ambaye mwaka 1962 alikuwa Waziri Mkuu wetu, zilitengenezwa chini ya wakoloni waliopenda kumfundisha Mwafrika adabu za mjini. Michezo ya Redio Tanzania nayo mara nyingi ilibebeshwa kampeni za Serikali. Lakini waliosikiliza Pwagu na Pwaguzi watakubali kwamba watu wale walichekesha kwa maneno na kwa hila. Redioni huwezi kuchekesha kwa kitambi.

Televisheni ilichelewa kufika kwetu. Zanzibar walikuwa nayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Bara ilingoja hadi Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993, na mwaka uliofuata ITV na vituo vingine binafsi vikaanza kuonekana Dar es Salaam. Televisheni ya Taifa ilifuata mwaka 2000. Vituo vipya vilikuwa na saa nyingi za kujaza na fedha kidogo, na vikundi vya maigizo vikaitwa kuzijaza. Kaole Sanaa Group ikawa maarufu kupitia ITV. Humo ndimo alimopita kijana wetu, Steven Kanumba, aliyezaliwa hapa Shinyanga mwaka 1984 na kufariki dunia mwaka 2012 akiwa nyota wa filamu. Ili aonekane, ilimbidi awe Dar es Salaam.

Baadaye vijana wa Ze Comedy walilishika taifa zima wakiwa EATV, kisha TBC1 kwa jina la Orijino Komedi. Walikuwa wakiigiza wakubwa, wahubiri na watangazaji, na watu waliacha shughuli zao ili wawaone. Huku Kanda ya Ziwa, Star TV ya Mwanza ikatuletea Futuhi, na kwa mara ya kwanza wengi wetu tukacheka na watu wanaozungumza kama sisi.

Basi tatizo limeingilia wapi? Jukwaani kichekesho kimoja kingeweza kulisha kikundi kwa miezi. Televisheni hukila mara moja, na wiki inayofuata inataka kingine. Muda wa mazoezi ukatoweka. Pili, msanii hapati tena kipato chake mikononi mwa aliyecheka. Kinatoka kwa mdhamini mwenye sabuni au soda ya kutangaza, na mara nyingi kikundi kisicho na mdhamini hakipewi nafasi hata kama kina kazi nzuri. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Leo anayetunza hayupo uwanjani, na pengine kipindi chenyewe hakitazami.

Mtu asiye na muda wala mwamuzi hukimbilia njia ya mkato. Ndiyo maana tunaonyeshwa suruali kubwa kupita kiasi, mwanamume aliyevaa gauni, kigugumizi na ulemavu wa watu. Na tunaonyeshwa Msukuma. Msukuma wa kwenye kioo ana panga mkononi, anashangaa lifti, na lafudhi yake imetiwa chumvi hadi haimfanani mtu yeyote wa Maswa wala Bariadi. Mshamba wa Muhogo Mchungu amebadilishiwa kabila tu.

Wako watakaosema huo ni utani, na sisi ni watu wa utani. Ni kweli, lakini utani una kanuni yake. Mtani hutania mbele ya mwenzake, kisha hutulia naye ataniwe. Televisheni inatutania na hatuna pa kujibia. Watu waliojenga ushirika wa pamba wa Victoria Federation katika miaka ya 1950, wakiongozwa na Paul Bomani, hawakuwa watu wa kushangaa lifti. Mtoto wa Nyarugusu au Kishapu anayekua akiona kwamba lafudhi ya mama yake ndiyo kichekesho chenyewe, ataanza kuificha shuleni, na baadaye atamwonea haya mama mwenyewe. Hapo hatuzungumzii tena burudani.

Huko machimboni dalili za mwamuzi wa zamani bado zipo. Mchimbaji aliyetoka kwenye duara hulipia kibanda umiza kwa fedha yake ya jasho, na filamu isiyompendeza huiacha ikiendelea akatoka nje. Anayeshika simu naye anaipita video isiyochekesha kwa kidole kimoja. Umati umeanza tena kuhama, ila safari hii unahama kimya kimya, na msanii haambiwi kwa nini.

Dawa yake haihitaji mitambo mipya. Vituo na virudishe kichekesho mbele ya watu kabla ya kukirekodi, katika ukumbi wa Kahama, Geita au Shinyanga, na viache wenye lafudhi zao wajichekeshe na wajijibie wenyewe. Viwalipe waandishi, na viwape vikundi wiki za mazoezi badala ya siku. Nasi watazamaji tusinung'unike sebuleni huku kioo kinawaka. Kipindi kikitudharau, tufanye walivyofanya babu zetu katika uwanja wa ngoma: tuwageuzie mgongo, tuhamie upande wa pili, na tuwaambie waziwazi ni kwa nini tumehama.