Kila volti na plagi yake

Nyumba nyingi mashambani nchini Kenya hutumia umeme wa aina mbili: wa sola na betri, ambao ni volti 12, na wa gridi ya taifa, ambao ni volti 240. Hatari huzuka pale redio au taa ya volti 12 inapofungwa plagi ya kawaida ya pini tatu. Siku mtoto atakapoichomeka ukutani, kifaa kitaungua na huenda nyumba ikashika moto.

Kanuni ni kwamba plagi ya volti moja isiingie katika soketi ya volti nyingine. Viwandani, plagi hutofautishwa hata kwa rangi: manjano ni volti 110, samawati 230, nyekundu 400.

Aidha, volti ndogo si mkondo mdogo. Kifaa cha wati 60 huvuta ampea 5 kwa volti 12, lakini robo ampea tu kwa volti 240. Hivyo basi, viungo vya sola huhitaji nyaya nene zilizokazwa barabara, kwani kiungo kilicholegea hupata moto.

Kwenye plagi ya volti 240, fyuzi ya ampea 3 hutosha vifaa visivyozidi wati 700. Birika na pasi huhitaji ampea 13. Ni mwiko kuweka kipande cha waya badala ya fyuzi.

Kwa vifaa kutoka Marekani, adapta hubadili umbo la pini pekee. Kilichoandikwa volti 120 tu huhitaji transfoma.