Umri wa Mbu wa Muheza

Anayepanda kutoka Muheza kwenda Amani na kuendelea hadi Kwamkoro huliacha joto la tambarare na kuingia katika baridi ya misitu na mashamba ya chai. Wengi huikumbuka safu hii kwa mimea yake na kwa taasisi ya utafiti wa kilimo iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Wachache hukumbuka kwamba eneo hili lina nafasi pia katika historia ya hisabati.

Katika miaka ya 1950, George Macdonald, akiwa London, aliendeleza hesabu za malaria zilizoasisiwa na Ronald Ross. Hoja yake ilikuwa nyepesi: vimelea huhitaji takriban siku kumi kukomaa ndani ya mbu, kwa hiyo umri wa mbu ndio uamuzi wa mambo. Ikiwa mbu 90 kati ya 100 hunusurika kila siku, baada ya siku kumi hubaki 35. Wakinusurika 80, hubaki 11 tu. Upungufu mdogo wa kila siku huzaa tofauti kubwa. Hesabu hiyo iliupa nguvu mkakati wa kupulizia dawa kwenye kuta za nyumba.

Lakini modeli hiyo ilibeba dhana: kwamba mbu mzee na mbu kijana wana uwezekano uleule wa kufa. Nani aliyeihakiki? M. T. Gillies na T. J. Wilkes, watafiti wa taasisi ya malaria ya Amani, walichunguza ovari za mbu, ambamo kila mzunguko wa kutaga mayai huacha alama. Matokeo yao kutoka kaskazini-mashariki mwa Tanzania yalichapishwa mwaka 1965. Mwaka 1981, Clements na Paterson walizichambua upya takwimu za aina hiyo na kuonyesha kwamba vifo huongezeka kadiri mbu anavyozeeka. Dhana iliyozaliwa mezani ilisahihishwa na mbu waliokamatwa vijijini.

Nyuma ya majina hayo manne wapo wakamataji mbu na wasaidizi wa maabara ambao majina yao hayamo katika vichwa vya makala. Bila wao, mlinganyo ungebaki dhana tupu.

Leo mwanafunzi mwenye kompyuta ya kawaida na programu ya R, isiyolipiwa, anaweza kuwianisha modeli zote mbili na takwimu zilezile kwa dakika chache, kisha akaamua ipi inazieleza vizuri zaidi. Kikwazo cha zana kimepungua mno. Kilichobaki ni mazoea yetu: takwimu hukusanywa hapa, modeli hujengwa kwingine, nasi hurudishiwa grafu ya kutia saini.

Ndugu mtumishi wa umma, grafu hiyo ikifika mezani pako, usiulize tu inatabiri nini. Uliza imedhani nini, na nani amekwenda kijijini kuihakiki.