Gololi na beringi za Kariakoo

Gurudumu lilichelewa kufika Kariakoo. Baada ya Waingereza kuiteka Dar es Salaam kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, eneo hilo la mji lilikuwa kambi ya Kikosi cha Wapagazi, Waafrika waliobeba risasi na chakula cha jeshi kichwani na mabegani. Mbung'o waliua wanyama wa kukokota, barabara za magari zilikuwa chache, na reli ya kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, haikutosha kulihudumia jeshi lililotawanyika porini. Wapagazi wengi mno walikufa kwa njaa na maradhi, na historia yoyote ya uchukuzi wa mjini inayowaruka haijakamilika. Vita vilipokwisha, jengo lililoachwa na Wajerumani likawa soko, na mizigo ikaanza kuhamia polepole kwenye baiskeli na mikokoteni.

Baiskeli ndiyo iliyoingiza gololi mitaani. Uzalishaji wa gololi za chuma zenye ukubwa sawasawa ulianzia Schweinfurt, Ujerumani, ambako mwaka 1883 Friedrich Fischer alibuni mashine ya kuzisaga. Gurudumu la mbele la baiskeli ya kawaida huwa na gololi 10 kila upande, la nyuma 9 zilizo kubwa zaidi. Moja ikipasuka, fundi makini hubadilisha zote za upande huo: mpya ikichanganywa na zilizolika huwa nene kuliko nyingine, ikabeba uzito wote peke yake na kulichimba bakuli zinamozunguka.

Ujuzi wa kuchagua spea ulikomazwa na uhaba. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, biashara ya kuagiza bidhaa na ya jumla iliwekwa mikononi mwa mashirika ya umma. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970, mafuta yalikuwa yamepanda bei, vita vya Kagera vimekula hazina, na fedha za kigeni zimeadimika. Wakati huohuo mizigo haikupungua: jengo jipya la soko, lililosanifiwa na Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975, nalo lilihitaji watu wa kuingiza na kutoa magunia. Ekseli ya gari bovu ikawa mkokoteni, na beringi iliyokwisha kazi kwenye gari ikapewa maisha ya pili.

Beringi ya mtumba hukaguliwa kwa mkono na sikio. Fundi hushika ringi ya ndani kwa vidole viwili, akaizungusha ya nje akiwa ameisogeza sikioni. Ikikwaruza, huiosha kwa mafuta ya taa, huikausha na kuijaribu tena, safari hii polepole. Ikiendelea kukwaruza, njia ya gololi imeshachimbika na hakuna grisi itakayoiponya. Zile za roli zilizochongoka huhitaji jambo la ziada: nati ya ekseli hukazwa mpaka gurudumu liwe zito kuzunguka, kisha hulegezwa kidogo na kufungwa kwa pini. Nati iliyokazwa mno huunguza beringi kabla mzigo haujafika.

Masharti ya uagizaji yalipolegezwa mwaka 1984, na zaidi chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, spea mpya zilirudi madukani, na mnunuzi akalazimika kujua namba. Beringi ya 6204 ina tundu la milimita 20, ya 6205 milimita 25, kwa kuwa tarakimu mbili za mwisho huzidishwa kwa tano. Herufi ZZ humaanisha vifuniko vya bati, 2RS vya mpira. Kwa vumbi la Kariakoo na unyevu wa chumvi wa pwani, vya mpira vinafaa zaidi, ingawa huzunguka kwa uzito kidogo.

Kanuni ya kuzidisha haifuatwi na 608, yenye tundu la milimita 8 na kipenyo cha nje cha 22. Hutumika kwenye mota ndogo za umeme, viatu vya magurudumu na skeitibodi. Mchezo wa skeitibodi ulipata uwanja wake wa kwanza Uganda mwaka 2006, Kitintale, Kampala, na Nairobi ikajengewa wake kwenye kituo cha watoto cha Shangilia mwaka 2013. Skeitibodi moja huhitaji beringi nane, mbili kwa kila gurudumu, na namna ya kuzitunza ni ileile ya fundi baiskeli: kuondoa kifuniko, kuosha, kukausha kabisa, kutia mafuta mepesi kidogo, na kutopita majini.