Ras Al Khor: Kulifuata Hori la Dubai Mpaka Baharini

Maji yanapokupwa Ras Al Khor, tope hubaki wazi kwa eneo kubwa, la kijivu, limejaa vishimo vya kaa na vijito vyembamba vinavyorudi polepole kwenye mkondo. Hapo ndipo heroe wanapokula. Kila mmoja huinamisha shingo mpaka mdomo uwe juu chini, hukanyagakanyaga mahali pamoja kwa miguu yake mirefu ili tope livurugike, kisha huyachuja maji kwa mdomo na kubakisha vijidudu. Nyuma yao yameinuka maghorofa ya katikati ya jiji, Burj Khalifa likiyapita yote, na barabara kuu inanguruma kwa malori mchana kutwa. Sisi wa Afrika Mashariki tumezoea heroe wa Nakuru, Bogoria na Natron, ambao wengi wao ni wa aina ile ndogo. Hawa wa Dubai ni wa aina kubwa, warefu zaidi na wenye weupe mwingi mwilini.

Mahali hapa ndipo lilipokuwa likiishia hori la Dubai, mkono wa bahari ulioingia bara kiasi cha kilomita 14. Ndipo pia pazuri pa kuanzia, kwa mtu anayetaka kuielewa Dubai kwa mwendo wa baiskeli.

Ulaya kuna desturi nzuri ya kuifuata mito ya milima ya Alps kwa baiskeli, kutoka juu kwenda chini. Njia ya mto Inn, kwa mfano, huanzia Maloja huko Uswisi, hupita Innsbruck nchini Austria, na kuishia Passau, Ujerumani, pale Inn unapoingia Danube. Ni zaidi ya kilomita 500. Mteremko humsaidia mwendeshaji, lakini faida kubwa zaidi ni mpangilio: mto unamtoa kwenye barafu, unampeleka kwenye malisho, vijiji, viwanda na miji, kila kitu kwa zamu yake. Dubai haina barafu wala mto wa kudumu. Hata hivyo hori lake linafuatika kwa namna hiyo hiyo, na lina jambo ambalo Inn hauna. Ukishuka nalo kutoka Ras Al Khor kuelekea baharini, unarudi nyuma katika historia. Kichwani ndiko kuliko na mambo ya juzi na jana. Mdomoni ndiko kulikoanza mji.

Maji yenyewe hayana chemchemi. Yanakuja kutoka baharini na kurudi baharini, yakijaa na kupwa, na wakati wa bamvua hulifunika tope lote. Maji matamu yanayoingia hori kwa mfululizo ni yale yaliyotumika majumbani mwa watu, yakasafishwa mitamboni na ziada yake ikamwagwa huku juu. Kwa hiyo mji wenyewe ndio chanzo cha mto wake, na kila anayeishi Dubai ana sehemu yake humo. Ndiyo maana hali ya maji ya Ras Al Khor ni kipimo cha haki cha jinsi mji unavyojiendesha: yakizidi rutuba, mwani hufumuka na maji hukosa hewa, na samaki ndio wa kwanza kuumia.

Kwa miaka mingi hakuna aliyeyatamani matope haya. Jahazi lisingeweza kuelea hapa, nyumba isingeweza kusimama. Umuhimu wake ulikuwa mmoja: kabla ya daraja la Al Maktoum kufunguliwa mwaka 1963, mtu wa Bur Dubai aliyetaka kwenda Deira, ukingo wa pili, alipanda mashua ya abra, na asipopanda abra ilimbidi azunguke mpaka huku, kwenye kichwa cha hori, ndipo avuke ng'ambo. Ngamia walipita hapa, na baadaye magari. Daraja lilipojengwa, hata sababu hiyo ikaondoka, na Ras Al Khor ikabakia kwa ndege.

Nasema kutothaminiwa huko ndiko kulikoiokoa. Mwaka 1985 serikali ya Dubai iliiweka chini ya ulinzi, wakati ambapo bado ilikuwa nje kabisa ya mji. Mji ukaja baadaye na kuikuta tayari ina mwenyewe. Mwaka 2007 hekta 620 ziliandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar wa kuhifadhi ardhioevu, na likawa eneo la kwanza la Falme za Kiarabu katika orodha hiyo. Majira ya baridi ndege hufika maelfu kwa maelfu, wakiwemo vitwitwi wanaotoka Siberia. Njia yao ya angani ni ile inayoendelea hadi kwetu: wengine wa jamaa zao hawatui mpaka wafike Mida, karibu na Watamu, au kwenye matope ya delta ya Rufiji. Katika ramani ya ndege hawa, Ras Al Khor na Rufiji ni vituo vya barabara moja.

Na si ndege tu. Ng'ambo ya barabara kuu, upande wa jangwani, lipo eneo huru la biashara ya magari, DUCAMZ, lililoanzishwa mwaka 2000. Hapo yamepangwa magari yaliyotumika kutoka Japani, usukani kulia, ambayo Dubai kwenyewe hayana kazi kwa kuwa huko huendeshwa kwa usukani wa kushoto. Yanangoja wanunuzi wa kutoka Afrika. Wafanyabiashara wa Mombasa, Dar es Salaam na Kampala wanazijua yadi hizi kama wanavyoijua mitaa yao. Mkenya anatazama kwanza mwaka wa kutengenezwa, maana gari lililozidi miaka minane halikubaliwi bandarini kwao. Mtanzania anapiga hesabu ya ushuru unaopanda kadiri gari linavyozeeka. Gari likishanunuliwa hupakiwa na kwenda zake, mara nyingine likiwa bado na vibandiko vya Kijapani kwenye kioo. Ni wangapi kati yetu tuliopanda gari lililopata kusimama juani Ras Al Khor bila kulijua jina la mahali hapo?

Kutoka hapa safari ya baiskeli inakuwa ya kukatizwakatizwa. Hifadhi imezungushiwa uzio, na ni haki izungushiwe. Watazamaji hukaa kwenye vibanda maalumu vya kuangalia ndege pembeni. Barabara kuu nazo hazimhurumii mtu wa magurudumu mawili. Itabidi uyaache maji, uyapate tena, uyaache. Upande wa mashariki yanajengwa maghorofa mapya yanayotazamana na hifadhi kwa karibu mno, na hilo linanitia wasiwasi, kwa sababu taa na kelele hazisimamishwi na uzio. Upande wa magharibi, tangu Novemba 2016, hori halina tena mwisho: mfereji wa kilomita 3.2 umeliunganisha na bahari ya Jumeirah kupitia Business Bay. Waliouchimba walitaka pamoja na mengine maji yazunguke vizuri zaidi. Matokeo yake Bur Dubai na mitaa ya jirani zimegeuka kisiwa, na yale maji yaliyokuwa yakija na kurudi kwa njia moja sasa yana njia mbili.

Al Jaddaf, kwenye ukingo wa magharibi, ni sehemu ya kushuka kwenye baiskeli. Huku ndiko yalikokuwa yakijengwa na kukarabatiwa majahazi ya mbao, mbavu zake zikisimama wazi ukingoni kabla ya kupigiliwa ubao. Siku hizi ukingo umepambwa kwa jumba la sanaa la Jameel, lililofunguliwa 2018, na maktaba kubwa ya Mohammed bin Rashid, ya 2022. Baada ya hapo yanafuatana madaraja: Business Bay, Al Garhoud, lile la kuelea, na Al Maktoum. Sina mengi ya kusema juu ya kipande hiki. Ni cha magari, na historia yake ni ya foleni.

Ukishavuka Al Maktoum, hori linapinda na mji unabadilika. Upande wa Deira majahazi yamefungwa ubavu kwa ubavu, na kwenye gati zimerundikwa friji, magurudumu, magodoro, maboksi ya biskuti na mafuta ya kupikia, shehena za kwenda Somalia na Iran. Vichochoro vya Naif na Baniyas vilivyo nyuma yake ndivyo vilivyowafundisha biashara akina mama wengi wa Kariakoo na Eastleigh, waliokuja na mabegi matupu na kuondoka nayo yamefura. Kiswahili husikika hapa bila kustaajabiwa, na si cha wageni peke yao. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, familia kadhaa za Visiwani zilihamia Dubai, na wajukuu wao wamekulia mjini hapa.

Mbele kidogo ni mdomo wenyewe, na Shindagha. Mwaka 1833 watu wa kabila la Bani Yas waliotoka Abu Dhabi, wakiongozwa na Maktoum bin Butti, walikuja kukaa hapa, na ukoo wa Al Maktoum ukashika utawala mpaka leo. Hori liliwapa kimbilio la vyombo na njia ya kwenda kwenye majabali ya lulu. Mwaka 1894 Sheikh Maktoum bin Hasher aliwasamehe kodi wafanyabiashara wa kigeni. Miaka michache baadaye Uajemi ilipoongeza ushuru katika bandari ya Lingeh, matajiri wa huko walihama na kuja kujenga Bastakiya, mtaa wenye minara ya kunasa upepo.

Lulu hizo zilizamiwa na watu wa aina nyingi, na kati yao walikuwemo Waafrika waliouzwa utumwani kutoka pwani yetu. Hili husemwa kwa sauti ya chini, na mimi naona lisemwe wazi. Walizama kwa jiwe mguuni na kibano puani, na walichokipata kilikwenda kwa bwana. Katika miaka ya 1920 na 1930 wengine walikimbilia kwa wakala wa Waingereza Sharjah kuomba hati za uhuru. Wazao wao ni raia wa Ghuba leo, na ngoma ya leiwah, yenye zumari na duara la wachezaji, bado huchezwa arusini.

Soko la lulu lilipoanguka, kwa mdororo wa 1929 na lulu za kufugwa za Japani, hori nalo lilikuwa linakufa. Tope lile lile linalowalisha heroe kichwani lilikuwa linaziba mdomo. Meli kubwa zilitia nanga nje na shehena ikashushwa kwa vyombo vidogo, na majahazi yakangoja maji yajae ndipo yaingie. Sheikh Rashid bin Saeed, aliyeshika utawala mwaka 1958, alikopa fedha, Kuwait ikiwa mmoja wa wakopeshaji, na kuanzia 1959 tope likaanza kuchimbuliwa. Kazi hiyo ilifanywa kabla ya mafuta kugunduliwa. Mafuta ya Dubai yalipatikana 1966. Aliyeujenga mji huu kwanza ni aliyekopa ili kuzoa tope, na sifa ya mafuta hufunika hilo mara nyingi mno.

Sasa inua macho ndani ya nyumba yoyote ya zamani Shindagha au Bastakiya na utazame dari. Utaona miti ya duara, myeusimyeusi, imelazwa sambamba kutoka ukuta hadi ukuta. Ni boriti za mikoko, nazo zimetoka Lamu na Rufiji. Nchi ya Ghuba haikuwa na mti wa kujengea, basi majahazi yaliteremka kwa kaskazi na tende na chumvi, yakarudi kwa kusi na boriti, zilizohesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Mabaharia wenyewe waliingia mitoni. Alan Villiers, baharia wa Australia aliyesafiri na jahazi la Kuwait mwaka 1939, aliwakuta Rufiji wakipakia miti hiyo katika tope, mbu na mvua. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, kiasi cha mita tatu na kidogo, na kwa hiyo chumba cha Shindagha na chumba cha Mji Mkongwe wa Lamu vina kipimo kimoja. Aliyelala Dubai alilala chini ya msitu wa Rufiji.

Kenya ilipiga marufuku kusafirisha boriti nje mwaka 1982, misitu ikiwa imechoka. Na kati ya 1991 na 1994 Manispaa ya Dubai ikapanda miche ya michu kwenye matope ya Ras Al Khor, maelfu kwa maelfu. Mchu si mti wa boriti. Ni jamaa wa mikoko anayevumilia chumvi nyingi na joto la Ghuba, na mizizi yake huchomoza topeni kama penseli zilizosimamishwa ili ivute hewa. Leo ni kichaka kizima, na kaa na samaki wachanga wamehamia humo.

Ningependa makumbusho ya Shindagha, ambayo yameeleza vizuri habari za manukato na za maisha ya hori, yabandike kibao chini ya zile dari: mti gani, umekatwa delta ipi, na nani. Majina ya wakataji hayakuandikwa, lakini Simba Uranga na Salale bado ni mahali panapokaliwa Rufiji, na wazee wa Lamu bado wanaweza kukutajia saizi za miti hiyo bila kusita: fito, pau, mazio, boriti, nguzo.